Sikio la Moyo

Aliyeniuliza ni Hajji mwenzangu, mzee wa rika langu anayeuza vitenge Kikuubo. Tulikuwa tumekaa barazani mwa msikiti baada ya Alasiri, tunamenya karanga, na macho yake yakawa yanarudi kifuani pangu, pale palipoinuka kidogo chini ya mtulinga wa kushoto. Mwishowe akashindwa kujizuia. "Bwana fundi, tusiudhiane. Siku hizi ukimtaja Mola kwa moyo wako, anayemtaja ni wewe au ni betri?"

Tulicheka wote wawili. Mimi ndiye niliyeacha kwanza. Swali lilikuwa limenikaa, na mwaka mzima sasa bado namjibu, leo hivi, kesho vile, naye kila mara hutia karanga mdomoni na kusema, "Endelea."

Mimi ni fundi redio. Nilizaliwa Nsambya kwenye nyumba za reli, baba yangu akiwa mtu wa Tanga aliyeletwa Kampala na kazi ya East African Railways. Ndani ya nyumba tulisema Kiswahili. Ukivuka uzio, mji mzima ulisema Kiluganda, na wengi walikiona Kiswahili kuwa lugha ya kambini, ya watu wenye bunduki na amri. Basi nikakua na masikio mawili. Reli ya pamoja ilipovunjika 1977 mimi nikaingia Katwe kujifunza redio, na sijatoka tena. Kibanda changu kina meza, chuma cha kulehemu, mita ya sindano, na vidroo vya rizista nilizozichambua kwa rangi zake. Vipaza sauti vya msikiti pia ni vyangu, kwa maana kwamba vikikoroma katikati ya hotuba, waumini hunigeukia mimi.

Umeme ukikatika siku ya Ijumaa nabadilisha kazi. Imamu wetu ni mzee, sauti yake haifiki safu za uani. Mimi husimama katikati, naisikia "Allahu akbar" yake, naipokea kwa sauti kubwa, na safu za nyuma zinarukuu. Simwongozi mtu. Nikimtangulia imamu nimeharibu. Nikichelewa, walioko uani watabaki wima ilhali wenzao wameshasujudu. Vitabu vya fikihi vinamwita mtu huyo mubalighi, mfikishaji. Ni kazi ya sikio kuliko ya koo, ingawa watu husifu koo.

Nilianguka mara ya kwanza nikiwa na chuma cha kulehemu mkononi. Nilipozinduka meza ilikuwa inafuka moshi na kijana wangu wa kazi ananimwagia maji huku analia. Nikasema ni njaa. Mara ya pili sikuwa na cha kusingizia, maana nilikuwa nimetoka kula. Na kwa majuma kadhaa kilima cha Kibuli, nilichokuwa nikikipanda huku napiga soga, kilikuwa kikinisimamisha mara tatu njiani kutafuta pumzi.

Daktari aliyenipokea alikuwa binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Alinishika kiwiko cha mkono akatazama saa, akaendelea kutazama muda mrefu kuliko nilivyozoea. Mapigo 34 kwa dakika. Akanibandika nyaya za kipimo, na karatasi ilipotoka akaitandaza mezani, akaweka ncha ya kalamu kwenye vilima vidogo. "Hivi, Mzee, ni chumba cha juu cha moyo. Kinakwenda 78, hakina neno." Kisha kwenye milima mirefu iliyochongoka. "Hii ni chumba cha chini. 34. Hakuna anayemsikia mwenzake."

"Waya umekatikia wapi?" nikauliza.

Alitabasamu, maana nilikuwa nimepatia bila kujua. Kati ya vyumba hivyo kuna kifundo cha nyama kinachopitisha umeme. Mjapani Sunao Tawara alikieleza mwaka 1906 akiwa Ujerumani. Mwaka uliofuata Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack wakapata kifundo kingine, kile kinachoanzisha pigo, pale mshipa mkuu unapoingia chumba cha juu. Walikiona katika moyo wa fuko. Nimeipenda sana habari hiyo: mnyama anayeishi gizani ndiye aliyetuonyesha anayeanza.

Basi nikajifahamisha kwa lugha yangu. Imamu wangu yuko mzima, anatoa takbira 78 kwa dakika. Safu za nyuma hazimsikii hata moja. Zimesimama gizani, na kila zinapochoka kungoja zinarukuu zenyewe, mara 34.

Binti akanipa hiari, na hapo ndipo fedha ilipoingia. Mashine ya kuupigisha moyo inaweza kuwa na waya mmoja, unaoshuka chumba cha chini na kukipiga. Ni nafuu, na wengi katika nchi zetu huondoka na huo mmoja, wakaishi miaka, simcheki mtu. Au inaweza kuwa na nyaya mbili, mmoja chini na mmoja juu.

"Huo wa juu nao utapiga?"

"Kwako wewe mara chache. Kazi yake ni kusikiliza. Ukisikia chumba cha juu kimepiga, mashine inangoja kidogo, halafu inamwambia wa chini."

Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa ameieleza kazi yangu ya Ijumaa bila kunijua. Nikasema nataka mbili. Wanangu wanne walichanga, mmoja akauza bodaboda yake. Mpaka leo akinipandisha teksi hunikumbusha kwa utani kwamba kifua changu ni pikipiki yake.

Kampala na chumba cha juu cha moyo si wageni, kwa kweli. Hapa hapa, kilimani Mulago, J. N. P. Davies alieleza mwaka 1948 ugonjwa wa makovu yanayoziba sehemu ya chini ya moyo, na damu ikikosa pa kuingia, chumba cha juu huvimba kupita kiasi. Ulikuwa ugonjwa wa watu wetu, watoto na maskini, na duniani kote waliokuja kuusoma walianzia kwenye karatasi za Mulago. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianza kilimani hapo hapo mwaka 1988, na sheria yake ikapitishwa 2016. Nayataja haya kwa ajili ya Hajji, anayeamini kila jambo la moyo limeletwa na ndege kutoka Dubai.

Siku ya kuwekewa nilikuwa macho. Ganzi ilidungwa chini ya mtulinga, uso wangu ukafunikwa kitambaa cha kijani, lakini kilibaki mwanya upande wa kushoto, na katika mwanya ule nikaiona skrini. Muuguzi alinishika kidole gumba cha mguu akasema, "Gumiikiriza, Mzee." Vumilia. Nilisikia kusukumwa, kama mtu anakandamiza kiganja kutafuta mfuko ndani ya kanzu.

Waya wa chini uliingia upesi. Wa juu ndio uliowachukua muda.

Kwenye eksirei moyo wenyewe hauonekani. Ni kivuli kinachotikisika. Kinachoonekana ni waya, mweusi, mwembamba. Wenyewe ni laini kama tambi iliyoiva, hausimami mpaka upitishiwe ndani uzi wa chuma. Waliposhuka nao hadi katikati ya chumba cha juu wakachomoa uzi ulionyooka, wakatia mwingine uliopindwa kama ndoana, na ncha ya waya ikajikunja, ikapanda juu na kuelekea mbele. Daktari mkubwa alikuwa anauzungusha kwa vidole viwili, kidogo tu, anarudi, kidogo tena. Nimekaa miaka zaidi ya arobaini nikitafuta stesheni hivyo hivyo kwenye masafa mafupi. Nikajua niko mikononi mwa fundi.

Kuta za chumba hicho ni nyembamba, kiasi cha milimita mbili, penginepo hata chini ya hapo. Husukumi, unagusisha. Pahali pa kwanza palikuwa ukuta wa pembeni. Wakapandisha umeme hadi volti 10 kupima, na tumbo langu likaruka. Nikapata kwikwi. Likaruka tena, kwikwi tena, sawasawa na mlio wa mashine. Nje tu ya ukuta ule hupita mshipa wa fahamu unaoshuka kukiendesha kiwambo cha pumzi, na waya ulikuwa ukiongea na jirani badala ya mwenye nyumba. Kama wangeniacha hivyo, ningekwikwika mpaka kaburini. Wakaulegeza.

"Rudisha kwenye kipochi," daktari akasema. Chumba cha juu kina kifuko kilichoning'inia mbele yake, chenye mikunjo ndani. Baadaye nilimuuliza yule binti jina lake, akaniambia wapasuaji wa kale walikiita kwa Kilatini auricula, yaani sikio dogo, kwa kuwa kimekunjika kama sikio la mbwa. Nilimwomba alirudie neno hilo mara mbili.

Ncha ilipoingia humo ikaanza kwenda kushoto-kulia, kushoto-kulia, kama waipa ya teksi wakati wa mvua. Ndiyo dalili wanayoitafuta. Fundi akabana kibanio mwisho wa waya, akazungusha, nikahesabu mizunguko 11, na katika skrini ikachomoza skrubu ndogo kutoka kwenye ncha, haifiki hata milimita mbili, ikajizungusha ndani ya nyama. "Vuta pumzi ndefu, Mzee." Ndoana ikafunguka kidogo, ikarudi. "Kohoa." Ikashika. Kisha mtu wa mashine akasoma kwa sauti: milivolti 2.8, volti 0.7, omu 540. Nikatoa dole gumba chini ya kitambaa. Milivolti 2.8 ni sauti inayotoka kwenye kichwa cha sumaku cha gramafoni. Ni ndogo, lakini safi, na mwenye amplifaya nzuri hatafuti zaidi.

Walinipa sharti moja: mkono wa kushoto usipande juu ya bega kwa wiki sita. Nikaitikia bila kufikiri. Mtu anayeswali mara tano kwa siku anapaswa kufikiri.

Alfajiri ya tatu nikiwa nyumbani adhana ya Kibuli iliniamsha, nikaketi kwenye kiti nilichoandaliwa, na katika ule usingizi uliobaki nikafanya nilichofanya tangu utoto: nikainua mikono yote miwili hadi masikioni. Hakuna kilichouma. Lakini adhuhuri nikiwa nanyoa ndevu niliona kwenye kioo shingo yangu inaruka. Si kama mapigo ya kawaida. Ilikuwa kama mtu anabisha hodi kutoka ndani, kwa nguvu, kisha anasita, kisha anabisha. Kichwa kikawa chepesi. Nikahesabu mapigo: 60, sawasawa kama saa ya ukutani. Hakuna kilichopungua, na hakuna kilichokuwa sawa.

Waya wa juu ulikuwa umebanduka. Madaktari walisema huenda ni mkono wangu, huenda si mkono. Nyaya za juu hubanduka siku za mwanzo zaidi ya zile za chini, hata kwa mtu aliyetulia. Mimi najua nilichofanya, wala simtafuti mwingine wa kumtwisha.

Nilikaa siku mbili nikisubiri kufunguliwa tena, na siku mbili hizo ndizo zilizonifundisha zaidi ya kitabu. Mashine ilikuwa kiziwi juu na ina nguvu chini. Inapiga 60 bila kumuuliza mtu. Chumba cha juu nacho kinaendelea na 78 zake, na mara kwa mara kinakamua damu wakati mlango wa kwenda chini umeshafungwa, damu inakosa pa kwenda, inarudi juu kugonga shingoni. Ule mkamuo wa juu, ukija kwa wakati wake, hutia chini nyongeza ya mwisho, sehemu ya asilimia 15 hadi 30 ya ujazo. Ukija ovyo, hupotea. Basi sikufa, wala sikuanguka. Nilikuwa hai kwa hesabu zote. Lakini nilikuwa kama msikiti ambao vipaza sauti vimefungwa kwenye kaseti: safu zinarukuu na kusujudu kwa wakati mmoja, kwa nidhamu ya ajabu, na imamu yuko mbele peke yake, anaswali swala nyingine.

Walinifungua, wakaurudisha sikioni. Safari hii mke wangu aliufunga mkono wangu kwa kanga usiku, kisha mchana pia, na alikuwa akinisimamia kila swala kama askari wa lango.

Sasa swali la Hajji. Jibu langu la kwanza lilitoka kwa Ghazali. Katika ile sehemu ya kitabu chake, Ihya, anamozungumzia maajabu ya moyo, anasema moyo ni jina la vitu viwili. Kimoja ni nyama yenye umbo la koni, iliyoko upande wa kushoto wa kifua. Hiyo hata mnyama anayo, na ni ya matabibu. Kingine ni kile kinachojua, kinachohukumiwa, kinachomtambua Mola. Basi nikamwambia Hajji: betri iko kwenye moyo wa kwanza, anayetaja ni wa pili, mjadala umekwisha.

"Endelea," akasema.

Alikuwa na haki. Jibu hilo ni jepesi mno kwa mtu aliyewahi kuwa na mapigo 34. Wakati ule sikuwa na pumzi pungufu tu. Nilikuwa na subira pungufu. Nilimfokea mjukuu kwa kuangusha kikombe. Nilisoma Fatiha nikajikuta sijui niko rakaa ya ngapi, na sikujali, na kule kutojali ndiko kulikonitisha baadaye. Ile nyama ya matabibu ilikuwa imemshika mwenzake mguu. Ghazali naye, nimtendee haki, anakiri kwamba uhusiano wa mioyo hiyo miwili umezitatiza akili za wengi. Mimi sidai kuutatua. Nasema tu kwamba nimeuona kwenye skrini ukitiwa skrubu.

Jibu la pili lilikuwa la kifundi. Nilimsimulia habari za Wilson Greatbatch, mhandisi wa Buffalo, Marekani. Alikuwa akitengeneza chombo cha kurekodi sauti za moyo, akapeleka mkono kwenye sanduku kuchukua rizista ya omu elfu kumi. Hiyo ina kahawia, nyeusi, na rangi ya chungwa. Akachukua ya omu milioni moja: kahawia, nyeusi, kijani. Mistari miwili sawa, wa tatu si sawa. Akailehemu. Saketi ikatoa pigo fupi, ikanyamaza sekunde moja, ikapiga tena. Akaitazama na kutambua kwamba huo ni mwendo wa moyo. Mwaka 1960 mashine yake iliwekwa kwa binadamu, na baadaye yeye ndiye aliyezifanya betri za lithiamu zitumike kwenye mashine hizi, zikadumu muda mrefu zaidi.

Nimefanya kosa hilo hilo mara ngapi, chini ya taa mbovu, jioni! Kwangu hutoka moshi. Nikamuuliza Hajji: mkono ule ulipokwenda kwenye kijani badala ya chungwa, ulikuwa wa nani? Hajji ni mtu wa kadari, akakubali kwa furaha kwamba uliongozwa. "Basi," nikamwambia, "unawezaje kukubali kwamba mkono uliotengeneza umeongozwa, halafu ukaniuliza kama kilichotengenezwa kinaiba?"

Akageuza karata. "Sikusema kinaiba mapigo. Nasema labda kinaahirisha ajali yako." Alimaanisha ajali ile ya vitabuni, muda wa mtu ulioandikwa, si ya Barabara ya Jinja.

Kwa hilo nina mtu mmoja wa Uswidi, Arne Larsson. Tarehe 8 Oktoba 1958, daktari Åke Senning alimwekea mashine iliyotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Mke wa Larsson ndiye aliyewafuata na kuwang'ang'ania mpaka wakakubali. Kasha lake lilimiminwa kwa gundi ngumu ndani ya kopo la rangi ya viatu. Kopo la Kiwi, ambalo watoto wa Katwe hulifanyia magurudumu ya gari! Mashine ile ya kwanza ilifanya kazi saa chache tu, wakaweka ya akiba. Kwa jumla Larsson alipita mashine 26. Elmqvist akafa 1996, Senning akafa 2000, na Larsson akafa 2001, akiwa na miaka 86, kwa saratani. Moyo ulikuwa unakwenda. Kama muda ulikuwa umeandikwa, basi kopo la Kiwi lilikuwa ndani ya maandishi, na halikumzuia aliyetumwa kuingia kwa mlango mwingine.

Hajji alinyamaza kidogo, na kwa Hajji huko ni kukubali.

Lakini hapo hatukuwa tumegusa kitu chenyewe, na kilinijia usiku mmoja nikiwa nimelala ubavu wa kulia. Tangu lini pigo lilikuwa langu? Sijawahi kupiga hata moja. Sikulianzisha tumboni mwa mama, sikuwahi kulinuia, nikilala linakwenda, nikisahau linakwenda. Nia yangu haikuwamo hata nilipokuwa na miaka 20 na moyo kama injini mpya. Basi betri haikuchukua kitu nilichokuwa nacho. Imekaa pale ambapo mimi sikuwahi kukaa.

Kilichokuwa changu ni kusikia. Kiswahili kinalijua hili. Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi, na mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Mkaidi tunasema hasikii hata masikio yake yakiwa mazima. Kiluganda nacho, ambacho ni sikio langu la pili, kina neno moja, okuwulira, kwa kusikia, kuhisi na kutii. Na Kurani inapohesabu tulivyopewa, mara nyingi huanza na kusikia, ikaja kuona, ndipo zikaja nyoyo. Nilikuwa nikidhani ni mpangilio tu wa maneno.

Kwa hiyo zile siku mbili za waya uliobanduka ndizo jibu langu kwa Hajji, kuliko Ghazali na kuliko Buffalo. Nilipewa mapigo yote niliyohitaji, hesabu kamili, na nikajiona nimepotea, kwa sababu kilichonipa hakikuwa kinasikiliza. Waya uliporudi sikioni, mashine ikarudi nyuma ya imamu. Haimtangulii. Inangoja asemayo, inahesabu kitambo kifupi, inafikisha. Na akinyamaza kupita kiasi, hapo tu ndipo inaposema badala yake. Sijui waumini wangapi wanaweza kusema hivyo juu ya mioyo yao isiyo na betri. Mimi mwenyewe nilipokuwa na moyo mzima nilitangulia mara nyingi.

"Mashine haina imani lakini," Hajji akasema.

Vipaza sauti vyangu navyo havina. Tunavifuta vumbi kila Alhamisi hata hivyo.

Kuna jambo bado linatusumbua sote wawili. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kina mradi wa kukusanya mashine hizi kutoka kwa marehemu, kwa ridhaa ya jamaa zao, zikasafishwa na kupimwa upya ili wapewe wagonjwa wasiojimudu nchi nyingine; Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoshiriki katika majaribio yake. Nyaya hazirudiwi, ni kasha tu. Huko Marekani kwenyewe hairuhusiwi mtu kuvalishwa iliyotumika. Nilipomwambia Hajji alipiga paja: "Mivumba! Mivumba ya moyo! Owino imefika kifuani!" Mivumba ni mitumba, na Owino ni soko lake. Alipomaliza kucheka akaniuliza kama mimi ningekubali kupasuliwa baada ya kufa ili mtu mwingine apewe mashine yangu. Mwili wa maiti una heshima yake katika dini yetu, si kitu cha kuchanjwachanjwa. Lakini nimekaa na ile skrini, nimemwona mtu akinitafutia pahali padogo kama ukucha kwa subira ile. Nimewaambia wanangu kwamba mimi ningependa kasha litolewe. Mkubwa hataki kusikia. Mwenye bodaboda anasema ni pikipiki yake, atakalo.

Wasipolitoa, nimewaonya watakaoniosha. Mashine haijui kufa. Roho ikitoka, kasha litaendelea kutuma umeme wake, kwa wakati, bila kuchoka, mpaka betri iishe au ardhi iliharibu, na nyama haitaitikia. Mtu akiweka mkono hatasikia kitu.  Nimewaambia wasiogope, na wasiseme Mzee bado yupo.

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa. Mtu wa mashine aliweka kitu kama kipanya cha kompyuta juu ya kifua changu, akasoma ripoti. Chumba cha chini: mashine imekipiga asilimia 99. Hilo nililijua, safu haziwezi tena kusikia zenyewe. Chumba cha juu: asilimia 4.

"Nne ni nini?"

"Mara nne katika mia, Mzee, chumba chako cha juu kilikaa kimya kuliko tulivyokiruhusu, ikabidi waya upige. Zilizobaki zote ulisikiliza tu."

Nikamuuliza ni saa ngapi zilikuwa hizo nne. Akatafuta kidogo, akasema ripoti haionyeshi saa, ila kwa watu wengi huwa ni usiku wa manane, mwendo unaposhuka usingizini. Akakiondoa kile kipanya, akanipa tarehe ya kurudi.

Tangu hapo nikiamka kabla ya Kibuli kuadhini, chumba kikiwa giza, huwa naweka vidole kwenye kiwiko cha mkono na kungoja. Pigo linakuja. Naweza kulihesabu, lakini siwezi kujua, hilo moja, limetoka kwa nani.